Askari Mmoja Majeruhi

Kwenye karatasi iliyosomwa uwanjani Jumamosi ile
jina langu ni "askari mmoja majeruhi".
Kipaza sauti kilikohoa, kikalitamka mara mbili,
nami nipo safu ya kumi na moja, kiti cha plastiki,
mkongojo umelala mapajani,
nikapiga makofi kama watu wengine.

"Chini ya mvua ya risasi," akasoma meja.
Mvua naijua. Nimezaliwa Magomeni,
nimeyaona masika yakihamisha vitanda Jangwani,
yakipitisha kuku, sufuria, mlango mzima wa mtu.
Mvua humlowesha kila aliye nje.
Ile ilichagua.

"Bila kujali maisha yake," akaendelea.
Hapo nilitaka kunyoosha kidole kama mtoto wa shule.
Ndimbo aliyajali maisha yake, afande.
Aliyajali kwa sauti kubwa, njia nzima,
amenishika makwapani, ananiburuta kwenye matope ya shamba la mihogo:
"Mkwinda, usinifie! Ukifa wewe
nani atabaki mdhamini wangu pale chama cha akiba?
Milioni mbili, Mkwinda! Hata mabati sijanunua!"
Akalia. Akatukana. Akaniangusha mara mbili,
ya pili kwa makusudi, akajilaza juu yangu,
na kitu kikapita pale kilipokuwa kichwa chake
kikipiga mluzi mfupi.

"Hatua mia mbili," ilisema karatasi.
Mimi sikuhesabu. Mguu wangu wa kushoto ulihesabu,
nao haupo wa kuulizwa.

Bendi ikapiga. Nishani ikabanwa kifuani,
utepe wa kijani wenye mstari mwembamba mwekundu.
Mkewe Skolastika akapiga kigelegele,
kikakatika katikati.
Jua la saa tano likatua juu ya ile shaba kama inzi.
Ndimbo akasimama wima, akatazama mbele,
yaani hakutazama popote.

Miezi minne baadaye anakuja kibandani kwangu,
Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, ninapotengeneza saa
kati ya muuza chaji na yule binti wa vipodozi.
Hajavaa gwanda. Ana kitambaa cha mkononi,
anakifungua juu ya meza kama mtu anayefungua kidonda.
"Pini imelegea."
Natia lenzi jichoni. Pini haina neno.
Namgeukia na jicho lile lile, kubwa, la kioo:
ndevu zimeingia mvi upande mmoja.
Anasema polepole, kama anayeuliza bei,
"Wewe unachora majina nyuma ya saa."
"Nachora."
"Hapo zitaenea herufi ngapi?"

Sikumuuliza jina gani.
Tulikuwa watatu kwenye lile shamba.
Aliyekuwa karibu naye zaidi, hatua kumi tu, hakuwa mimi.
Hokororo alikuwa anaita. Mimi nilikuwa kimya.
Mpaka leo sijui kwa nini mtu apite anayeita
amfuate aliyenyamaza.
Huenda ni ule mkopo.
Huenda mimi nilikuwa mwepesi zaidi, kwa wakati ule.

Herufi nane. Zilienea,
upande ule unaogusa shati.
Shaba ni laini kuliko watu wanavyodhani,
sindano iliingia bila kelele,
na Ndimbo alikuwa ameelekea barabarani,
anatazama mkokoteni wa vitunguu uliokwama,
wanaume wanne wakiusukuma, wa tano akitoa amri.

Alipogeuka akatoa noti ya elfu kumi.
Nikamtoza anachotozwa kila mtu, elfu tatu,
nikamhesabia chenji, sarafu kwa sarafu.
Ningemfanyia bure asingerudi tena kibandani,
na mdhamini ni mimi,
na ule mkopo umebakiza miezi saba.